Kitanda cha Mikono Minne

Mmeniaga vizuri, mafundi wangu, Mungu awabariki. Mmenipa kitenge, mmepiga picha, mmesema maneno matamu ambayo mngeyasema mapema kidogo yangenisaidia. Kisha mmoja wenu akaniuliza, "Sasa Mama Fundi, we ulianzaje kazi hii?" nikamjibu kwa mkato maana wali ulikuwa unapoa. Sasa nimekaa nyumbani, mikono haina la kufanya, basi nijibu kama inavyopasa. Habari za vyeo na mishahara msizitafute humu, zote zinafanana. Nitawaeleza mwanzo tu, na kitanda kimoja.

Wakati wa vita nilikuwa mpiga taipu katika ofisi ya mizigo karibu na bandari. Kazi ilikuwa kidogo. Meli zikichelewa tulikaa tukitazamana, na jua likianza kushuka kila mtu alikimbilia kwake, kwa sababu ya kuvrefe, ile amri ya kutotoka nje usiku. Mimi nilikaa mtaa wa Buyenzi na mama yangu na mdogo wangu Zaina. Buyenzi alikaa kila mtu, aliyekimbia huku na aliyekimbia kule, na Kiswahili kilitutosha wote. Ila zile saa ndefu za kufungiwa nyumbani zilitutia wazimu. Mwenye kusuka alisuka, mwenye kusali alizidisha, mwenye kupenda ugomvi alipata nafasi. Mimi nikaanza mbao.

Sikuwa na sababu ya maana. Kule Kinindo, mtaa wa wenye uwezo, wageni walikuwa wanahama kwa haraka, na makasha yao mabovu yakaachwa ofisini kwetu. Mbao zake zilikuwa nyeupe na laini, zinanuka kama dawa ya kikohozi. Nikaomba kasha moja, nikalibeba kichwani hadi nyumbani.

"Ni kuni?" mama akauliza.

"Apana mama. Nataka kutengeneza kigoda."

Akanishika paji la uso aone kama nina homa.

Vifaa vyangu vya kwanza, mcheke mkitaka: nyundo ya marehemu baba, kisu cha jikoni, na msumeno niliouazima kwa muuza nyama, ule wa kukatia mifupa. Msumeno wa mifupa haukati mbao, unaitafuna. Kigoda kilipokamilika kilisimama kwa miguu mitatu na wa nne ukawa unafikiria. Nikakata mguu mmoja, kikainamia kule. Nikakata wa pili, kikainamia huku. Mwisho kikawa kifupi mpaka mama akakichukua akawa anakatia kitunguu juu yake. Lakini jamani, nilikuwa na furaha isiyo na adabu. Risasi zinalia milimani, redio inasoma mambo ya kutisha, na mimi nimejaa vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, nacheka peke yangu. Mama akaniambia nisicheke karibu na dirisha, majirani wana matatizo ya kutosha.

Jirani mmojawapo alikuwa Mzee Ramazani. Alikuwa fundi wa vitanda na milango, na ujanani alitengeneza mbao za ndani za meli za ziwa. Karakana yake, hii hii yenu, ilikuwa wakati ule mabati tu na meza moja ya kazi. Siku moja akapita mbele ya kwetu, akaona kipande cha kasha nilichotoka kukikata, akasimama.

"Nani ameua hii mbao?"

"Ni mi, mzee."

"Imekukosea nini?"

Nikamwomba anifundishe. Akatikisa kichwa. "Mwanamuke haingie mu karakana. Kuna misumari."

"Na nyumbani misumari iko."

"Kuna vumbi."

"Mzee, mi nakaa Buyenzi."

Ndani sikuingia. Aliniruhusu nisimame nje ya mlango nitazame, basi. Nikitoka bandarini nilikwenda kusimama pale na viatu vyangu vya ofisi. Nilijifunza mengi kwa kusimama. Niliona kwamba mbao ina nywele kama ngozi ya mbuzi, na randa, ambayo sisi tunaiita raboti, lazima ifuate zinakolalia. Ukienda kinyume inararua. Siku moja Mzee alichoka na macho yangu, akasukuma raboti na kipande cha libuyu mpaka kizingitini. "Fanya. Ila miguu ibaki nje."

Libuyu mnaijua, ile mbao nyekundu inayovuka ziwa kutoka Kongo. Nikapiga magoti barabarani nikasukuma. Mara ya kwanza raboti ikaruka. Mara ya pili ikakwama. Mara ya tatu likatoka ganda jembamba, refu, limejikunja lenyewe, na harufu yake ikaniingia mpaka tumboni. Nikalifunga kwenye kilemba na kulivaa ofisini kesho yake. Bosi akadhani ni mtindo mpya.

Kutoka hapo sikuwa mtu wa kuelezeka. Nilitengeneza rafu ya jikoni kwa mikaratusi niliyonunua ikiwa bado inatoa maji, na baada ya mwezi rafu ikageuka kama mtu aliyeitwa nyuma, vikombe vyote chini. Mzee Ramazani aliposikia hakunihurumia hata kidogo. "Mbao mubichi usiiamini. Leo inakuitika, kesho iko na maneno yake." Liandikeni hilo ukutani, maana nimeona mmoja wenu juzi anapakua mikaratusi mibichi na kuiita mbao.

Sasa nifike kwenye kitanda. Kwanza, wenzangu Wakristo mnisikilize kidogo. Sisi Waislamu hatuziki mtu ndani ya sanduku. Jeneza letu ni kitanda cha kubebea, chembamba, chenye mikono minne inayotokeza, miwili mbele na miwili nyuma. Linafunikwa kitambaa, linabebwa mabegani, kisha linarudi msikitini kumngoja mwingine. Miaka ile halikupumzika, na lilipochoka mikono likaletwa kwa Mzee Ramazani. Alitoboa mguu, akaingiza ulimi mrefu wa mbao hadi upande wa pili, akaufunga kwa kigingi cha mbao. Hakutia hata msumari mmoja. Nilitazama kazi ile nikasahau kumeza mate.

Wakati huohuo Zaina akaposwa na Juma, fundi wa magari, kijana mpole. Ukoo wa Juma ulikuwa umekimbia kutoka Cibitoke, upande wa kaskazini, ukapata nyumba ya kupanga avenyu ya chini, hapa hapa Buyenzi. Walikuja na magodoro vichwani. Ndivyo ilivyokuwa kila mahali: godoro linakimbia na mwenyewe, kitanda kinabaki. Na shangazi yake Juma, Bi Mwamini, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, akatangaza sharti lake. "Bibi arusi haingie mu nyumba yenye haina kitanda. Mutoto ya watu asilale chini." Nusu ya mji ilikuwa inalala chini makusudi, kwa kuogopa risasi, lakini heshima ni heshima. Kitanda kifike kabla ya bibi arusi, na bibi arusi aingie kabla jua halijashuka. La sivyo arusi inasogezwa, na siku zile jambo lililosogezwa mara nyingi lilikufa.

Nikasema kitanda nitatengeneza mimi. Zaina akalia, sijui kwa furaha au kwa kukumbuka kigoda.

Nikaenda kwa Mzee Ramazani kuomba meza yake ya kazi. Akachonga penseli ambayo haikuhitaji kuchongwa.

"Utaingia ndani, kwa kitanda hiyo tu," akasema. "Ikifika kwa Juma nzima, mi nakuchukua kazi. Ikivunjika njiani, mi sikujui na we haunijui."

Niwaambie ukweli, nilikuwa sijataka kitu maishani kama nilivyotaka neno hilo. Bandarini nilikaa miaka nikipiga taipu mizigo ya watu. Hapa kulikuwa na kitu ambacho ukikipiga kinakuwa kitu.

Nilitengeneza kitanda cha libuyu, chembamba, maana chumba cha Juma kilikuwa kidogo na maharusi wapya hawana haja ya nafasi. Kichwa nilikifanya kifupi. Ndimi ziliingia kwenye matundu vizuri mpaka nikawa naziingiza na kuzitoa kwa raha tu, Mzee akanikemea kwamba nazimaliza. Kisha nikapata wazo, na wazo hilo lilinifurahisha mpaka nikashindwa kula. Watu wa Juma waliacha vitanda Cibitoke kwa sababu kitanda hakina pa kushika. Basi hiki nitakitia mikono minne, miwili mbele na miwili nyuma. Wakilazimika kukimbia, wanne wanainua, twende.

Mzee Ramazani alikizunguka kilipokamilika. Akashika mkono mmoja. "Hii umetoa wapi?"

"Kwako, mzee. Ile kazi ya msikiti."

Akakohoa, akatazama barabarani, akasema kigingi kiko sawa. Mpaka leo sijui kwa nini hakusema zaidi. Nadhani alitaka kuona.

Siku ya arusi ikafika. Nikaha ilifungwa asubuhi. Marafiki wanne wa Juma wakaja kuchukua kitanda, na kwa uvivu wakataka kubeba kila kitu safari moja. Wakaviringisha godoro wakalilaza katikati kwa urefu, mto juu yake. Mama akasema shuka na mito ya bibi arusi haionwi na watu wa njiani, kijicho ni kingi. Akaleta pazia lake la kijani akafunika vyote. Mimi nilikuwa nahangaika na vigingi. Sikurudi nyuma hatua mbili nitazame tulichokitengeneza.

Wakainua mabegani. Kawaida kitanda cha arusi kinakwenda kwa nyimbo, lakini avenyu ya pili kulikuwa na matanga, wanaume wamekaa kwenye mikeka nje. Mama akawaambia, "Mukipita pale munyamaze, ni adabu." Wakapita kimya, polepole kwa sababu libuyu ni nzito, vichwa vimeinama. Nami nyuma yao hatua chache, nimevaa nguo mpya.

Wale wa matanga wakainuka wote.

Mnajua desturi. Jeneza likipita huulizi ni la nani. Unavaa viatu, unakwenda kutia bega, kwa thawabu. Unashika mkono, aliyekuwa mbele yako anakupisha, na wewe nyuma yako kuna mwingine anangoja zamu. Kabla sijafungua mdomo marafiki wa Juma wameshasukumwa nyuma kwa heshima zote, kitanda kimeshika mwendo wa haraka, na watu wanasema La ilaha illallah kwa sauti ya chini. Mafundi wa baiskeli wakaacha magurudumu. Muuza nyama wangu akatoka na aproni yake. Kwenye kona ya kwenda kwa Juma, badala ya kukata kushoto, kitanda cha mdogo wangu kikakata kulia, kuelekea msikitini.

Nikakimbia. "Simameni. Siyo jeneza, iko kitanda."

Mzee mmoja akageuka, macho yamejaa huruma. "Pole, mwanangu. Rudi nyumbani. Wanawake hawafuate."

"Baba, ni kitanda ya arusi."

"Alikuwa anaolewa?" Akafuta machozi. "Yoo, masikini. Wote njia yetu ni hiyo."

Nikamshika rafiki wa Juma mmoja, Saidi, nikamwambia afanye kitu, yeye ni mwanamume. Saidi alikuwa anatembea nao anasema La ilaha illallah. Nikamtikisa. "Samahani dada," akasema, "mudomo umezoea."

Basi nikawa nafuata, nguo nimeikusanya mkononi, nalia na kucheka, na kila nilipopiga kelele wanawake milangoni walinishika mabega na kunipa maji. Na niwaambie jambo la aibu: huku nakimbia nilikuwa nasikiliza ndimi za kitanda. Mabega yanabadilishana, huyu mrefu huyu mfupi, kitanda kinapanda na kushuka, na sikusikia hata kijimlio kimoja. Wazimu wa fundi huo, mtaupata.

Uani msikitini wakakiweka chini, wakajipanga safu. Imamu akatoka akauliza kama inavyoulizwa, "Maiti ni mwanamume au mwanamke?"

Huyu akamtazama yule. Yule akamtazama mwingine. Mimi niko getini na kilio kimenikauka. Mwishowe imamu akainua ncha ya pazia, na mto wa Zaina ukatokeza, umetariziwa maua mekundu na maneno "Karibu mpenzi."

Kisha muuza nyama akaanza. Ilikuwa sauti ndogo ya puani, akajaribu kuizuia kwa aproni, ikamshinda. Aliyekuwa kando yake akashikwa, safu nzima ikavunjika, wanaume wazima wakakaa chini uani wameshikana. Sikuwa nimeona watu wa Buyenzi wakicheka hivyo tangu vita vianze, na sikuona tena mpaka viishe. Imamu alijitahidi sana. Alikaza uso, akafunika mto vizuri, akasema, "Ipelekeni kwa wenyewe, na upesi. Hawa wanangoja kwa haraka kuliko wale wengine." Kisha akaingia ndani haraka, na mabega yake tuliyaona yakitikisika kwa kicheko.

Wakainua tena. Lakini kwenye mkono wa mbele kulia alikuwepo yule mzee aliyeniambia pole. Mtu akaja kumpokea zamu, akakataa. Yeye hakuwa amecheka. "Niache nibebe," akasema. "Watoto yangu sikuwabeba. Walibakia kule. Hii nitaifikisha." Hakuna aliyemgusa tena. Mikono mingine mitatu ikabadilishana njia nzima, sasa kwa nyimbo na vigelegele, watoto wanapiga masufuria, na yeye ametangulia na bega lake moja.

Kwa Juma tulikuta Bi Mwamini amesimama mlangoni na ghadhabu iliyokuwa imeshapikwa, na Mzee Ramazani kando yake amevaa kanzu. Jua lilikuwa limeshaanza kulegea. Zaina alikuwa kwenye gari ya kuazima mwanzo wa avenyu, anangoja ruhusa ya kuingia. Mzee Ramazani akazunguka kitanda, akagonga kila kiungo kwa kifundo cha kidole. Bi Mwamini naye akakaa juu yake kwa uzito wake wote, akajiinua, akakaa tena. Kikamvumilia kimya.

Wakakiingiza ukumbini. Kikaingia. Wakakigeuza kwenye ule ujia mwembamba wa kwenda chumbani, na hapo kikagoma. Mikono. Huku imegonga ukuta, kule imegonga mlango. Wakakiinamisha, wakakisimamisha, wakakirudisha nje. Watu wakaanza kutoa ushauri, na ushauri wa Buyenzi mnaujua ukishaanza. Mimi nilisimama na wazo langu zuri limenigeukia.

"Iondoeni hiyo mikono," akasema Bi Mwamini.

Nikamweleza kazi yake. Nikasema, shangazi, kule Cibitoke mliviacha kwa sababu havikuwa na pa kushika. Hiki mkikimbia tena mnakibeba.

Akanitazama, na ile sauti yake kubwa sikuisikia tena. "Mwanangu, mi nimechoka kukimbia. Huyu bibi arusi anaingia kukaa. Mukate."

Watu wote wakamgeukia Mzee Ramazani, kwa kuwa ndiye mwenye jina. Alikuwa ameshamtuma mtu karakanani, msumeno wake uko mkononi, ule wenye mpini alioung'arisha kwa kiganja miaka yote. Hakuwahi kumpa mtu msumeno ule. Akaugeuza, akaninyooshea upande wa mpini.

"Fundi," akaniita mbele ya watu wote. "Kata."

Nikapiga magoti. Nikakata wa nyuma kushoto, wa nyuma kulia, wa mbele kushoto. Machozi yalinizuia kuona mstari, lakini mkono uliuona. Wa mwisho, yule mzee aliyekataa kupokewa zamu alikuwa bado ameushika. Sikumwambia aachie, nikakata naye ameshika, taratibu, nikifuata nywele za mbao. Ulipokatika, kitanda kikaingia chumbani kama kilizaliwa humo, vigelegele vikapasuka, na Zaina akaletwa kabla jua halijagusa milima ya Kongo.

Yule mzee akaniaga. Akaondoka na mkono wa libuyu begani, anawahi kwake kabla ya kuvrefe, na mimi nikamwachia.

Kesho yake sikwenda bandarini.